Kuisoma EEPROM ya probu ya skopu: pitia hapa kabla hujakopi dampu ya mwenzio

Mwezi wa saba, lile baridi la Arusha la kufungua kibanda asubuhi umevaa jaketi na kofia ya sufu, alikuja mzee mmoja anayetengeneza inveta za sola huko Njiro, kashika probu aktivu (ile ncha yenye kebo inayopeleka umeme unaoupima kwenye skopu, yaani osiloskopu, mashine ya kuchora mawimbi kwenye skrini) kaifunga kwenye soksi ili isikwaruzike. Nikampa shikamoo, akajibu marahaba fundi, hii kitu skopu yangu imeikataa, inasema haiijui, na jana ilikuwa inaijua vizuri tu. Nikacheka kimoyomoyo maana nilikuwa na pacha wa ile probu pale pale mezani, modeli ileile. Nikajisemea hii ni kazi ya nusu saa. Ikala siku mbili, na zile siku mbili ndo zimenifanya niandike hapa.

Tuanze na misingi kidogo kwa ambao hawajawahi kufungua hizi vitu. EEPROM ni chipu ya kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika, na dampu ni nakala ya baiti zote zilizomo ndani yake. Probu ya kawaida ya x10, yaani inayogawa volti kwa 10, haina akili yoyote, ina kapini ka springi pembeni ya BNC (konekta ya duara inayochomekwa kwenye skopu) na ndani yake ni rezista tu inayoenda grandi, skopu inaipima na kujua ni x ngapi. Kwa skopu za Tektronix ukiweka mita kati ya kale kapini na grandi ukakuta kilo-omu 11 ujue ni x10. Hapo hakuna cha kusoma, ikizingua unabadilisha rezista unaenda kula. Probu aktivu ni habari nyingine. Kichwani ina amplifaya, inakula umeme kutoka kwenye skopu, na kila moja inatoka kiwandani na ofseti yake (volti ndogo inayotoka hata ncha ikiwa kwenye sifuri) na kasoro zake ndogondogo, kwa hiyo wanaipima moja moja na majibu wanayaandika kwenye EEPROM, chipu ya miguu minane ndani ya kichwa cha konekta. Konekta za TekProbe Level 2 ya Tektronix na ProBus ya LeCroy, kampuni nyingine ya skopu, ni za ukoo huu, data inapita kwenye zile pini zinazozunguka BNC. Mara nyingi chipu utakayoikuta ni jamii ya 24C, yaani 24C01 yenye baiti 128 au 24C02 yenye baiti 256, inaongea I2C, ile lugha ya nyaya mbili iliyotoka Philips mwaka 1982. Baiti 256 ni kitu kidogo sana, hazijazi hata meseji mbili za simu, ndo maana mtu mmoja na daftari anaweza kuimaliza.

Kabla hujagusa probu ya watu, fanya mazoezi kwenye monita mbovu. Siyo utani. Tafuta monita ya zamani ya VGA, ndani ina 24C02 au ndugu yake iliyobeba EDID, baiti 128 zinazomwambia kompyuta hii monita ni ya nani na inaweza rezolusheni gani. Inaanza na 00 FF FF FF FF FF FF 00 (hizi ni heksi, namba za kuhesabu kwa 16, kila jozi ni baiti moja kuanzia 0 mpaka 255), na baiti ya mwisho imewekwa makusudi ili ukijumlisha zote 128 jibu likiwa kwenye baiti moja liwe sifuri, yaani jumla igawanyike kwa 256 bila baki. Ukiweza kuisoma hiyo, ukajumlisha ukapata sifuri, ukabadilisha baiti moja na kurekebisha ya mwisho, tayari una nusu ya ujuzi wote unaotakiwa, na ukiiua hakuna anayelia. Ukikosa monita, fimbo ya RAM ya kompyuta nayo inabeba chipu ya namna hiyo.

Vifaa siyo vingi. Mimi natumia Arduino Nano, bodi ndogo ya kuprogramu, SDA (waya wa data) kwenye A4 na SCL (waya wa saa) kwenye A5, rezista mbili za kilo-omu 4.7 kwenda kwenye volti 5, na klipu ya kubana chipu ya miguu minane. Kama una Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, ni rahisi zaidi, `i2cdetect -y 1` inakuonyesha nani yupo kwenye waya na `i2cdump -y 1 0x50` inakumwagia kila kitu, ila kumbuka Pi ni ya volti 3.3, usiiletee 5. Ile programa ya bei chee ya CH341A, kifaa cha USB cha kusoma na kuandika chipu, nayo inasoma, lakini ile bodi nyeusi inajulikana kutoa volti 5 kwenye laini za data hata ukiweka jampa kwenye 3.3, chipu nyingi za 24C zinavumilia ila soma kwanza datashiti ya uliyonayo. Na usije ukachomeka Arduino kwenye pini za konekta kwa kubahatisha! TekProbe inapitisha plasi na minasi 5 na plasi na minasi 15 pale pale, ukikosea pini moja wakati imechomekwa kwenye skopu, Nano inanuka na pengine skopu nayo.

Miguu ya chipu: 4 ni grandi, 5 ni SDA, 6 ni SCL, 8 ni umeme, 7 ni ya kuzuia kuandika, na 1, 2, 3 ni za kuchagua anwani. Zote tatu zikiwa grandi anwani ni 0x50. Ukiona skani inaonyesha 0x50 mpaka 0x57 zote zinaitika na chipu ni moja, hiyo ni 24C16. Na ikiwa 24C32 kwenda juu, zenyewe zinataka anwani ya baiti mbili, ukizisoma kwa njia ya baiti moja unapata takataka unaanza kuilaumu klipu.

Ukibana klipu chipu ikiwa bado kwenye bodi, umeme wako unaamsha na sakiti nyingine zote, wakati mwingine laini ya volti 5 inazama mpaka volti 3 na usomaji unakuwa wa kulewa. Kwenye ile ya mzee nilisoma mara tatu nikapata majibu mawili tofauti. Hapo usilazimishe. Inua mguu wa 8 au ng'oa chipu kabisa kwa hewa ya moto, weka kwenye kabodi kadogo ka pembeni, soma mara mbili, linganisha mafaili kwa `cmp`, yakifanana hifadhi sehemu mbili. Mimi naweka kwenye laptopu na kwenye meseji ninayojitumia mwenyewe kwenye simu, maana umeme wetu unajua wenyewe.

Sasa faili liko mezani, unalisomaje? Kwanza lipitishe kwenye `xxd`, amri inayoonyesha baiti kwa heksi na pembeni kwa herufi, uangalie upande wa kulia, herufi zinazosomeka ndo mlango wa nyumba. Jina la modeli utaliona, namba ya siriali utaiona, linganisha na ile iliyoandikwa kwenye mwili wa probu. Kwa Tektronix siriali nyingi zinaanza na B, hiyo ni Beaverton kule Oregon, Marekani. Pili tafuta mahali pametupu, FF mfululizo, maana chipu isiyoandikwa inasoma FF, kwa hiyo FF zinakuonyesha kuta za vyumba. Tatu, na hii ndo muhimu kuliko zote, tafuta probu ya pili ya modeli ileile uweke dampu mbili sambamba. Kinachofanana ni cha modeli, kinachotofautiana ni cha probu yenyewe. Bila pacha unaweza kukesha wiki nzima unabuni.

Hii ni safu moja kutoka kwa hizi mbili. Ya juu ni yangu nzima, ya chini ni ya mzee jinsi nilivyoikuta:

41 20 00 00 3B 03 12 6F 02 6C 19 98 11 FF FF B2
41 20 00 00 BB A3 D7 0A 02 71 19 98 11 FB FF 2D

Ziangalie taratibu. 41 20 00 00 iko kote kote, na mtu aliyewahi kukaa na namba za desimali za biti 32 anaitambua kama sura ya jirani: ni 10.0 kwa IEEE 754, ule utaratibu wa kompyuta wa kuandika namba za desimali, baiti kubwa ikitangulia. Hiyo ni x10. Zikariri chache zitakusaidia maisha yote, 3F 80 00 00 ni 1, 41 20 00 00 ni 10, 42 C8 00 00 ni 100. Kwa nini baiti kubwa inatangulia? Skopu nyingi za miaka ile ya tisini zilikuwa na prosesa za ukoo wa Motorola 68000 na zenyewe ndivyo zinavyopanga, kwa hiyo ukizoea kompyuta ya leo utaisoma kinyumenyume na kupata namba za kichawi. Baiti nne zinazofuata zinatofautiana. Ukifungua Python ukaandika `struct.unpack('>f', bytes.fromhex('3B03126F'))` inakupa 0.002, na ya mzee BBA3D70A inakupa minasi 0.005. Namba ndogo, safi, zenye maana, siyo za bahati nasibu. Nikaweka alama ya kuuliza pembeni nikaandika "ofseti?" na nikaendelea.

02 6C ni 620 kwa namba za kawaida na 02 71 ni 625. Hii ilinisumbua mpaka nikapima kebo, mita moja na ushee. Mawimbi kwenye kebo ya koksi yanatumia kama nanosekunde 5 kwa mita, kwa hiyo 620 ikiwa kwa hatua za pikosekunde 10 ni nanosekunde 6.2, inaingia akilini kabisa, ni ucheleweshaji ambao skopu inautumia kupanga chaneli mbili zikae sawa. 19 98 11 usiihangaikie kwa heksi, isome kama ilivyo, mwaka 1998 mwezi wa 11. Hiyo ndo BCD, watu wa zamani waliipenda.

Baiti ya mwisho ni cheksamu, namba ya kuhakikisha baiti nyingine hazijaharibika. Dalili yake ni kwamba inabadilika hovyo kila kitu kingine kikibadilika hata kidogo. Jaribu za kijinga kwanza: jumlisha zote uone kama zinaleta sifuri, jumlisha ukiacha ya mwisho ulinganishe, piga XOR (hesabu ya kulinganisha biti kwa biti). Zikigoma ndo uende kwenye CRC, cheksamu ya hesabu ngumu zaidi, na hapo kuna programu ya bure inaitwa CRC RevEng, unailisha mistari kadhaa unayoijua inakutafutia fomula. Mimi sikufika huko. Safu yangu ukijumlisha baiti 15 za kwanza unapata 1102, ukiongeza B2 ambayo ni 178 unapata 1280, na 1280 ni 256 mara 5. Sifuri safi. Sawasawa na EDID ya monita, si nilikwambia.

Sasa jumlisha ya mzee pamoja na baiti ya mwisho: 1532. Mpaka 1536 zimepungua 4. Hapo ndo skopu inapokasirika, inasoma safu, inajumlisha, haipati sifuri, inasema simjui huyu. Nilihakikisha kwa ile lojiki analaiza ndogo ya chaneli 8 (kifaa cha kurekodi data inayopita kwenye nyaya) na programu ya PulseView, nikanasa SDA na SCL wakati nachomeka probu, ukaiona kabisa skopu inasoma mpaka mwisho wa safu hii, inarudia mara nyingine, afu inanyamaza. Ukiweza kunasa mazungumzo namna hii usiruke, yanakuonyesha skopu inajali baiti zipi na zipi haizigusi kabisa.

Na hapa ndo nilipofanya ujinga. Ilikuwa saa tatu usiku, njaa, mzee kapiga simu mara mbili. Nikachukua dampu ya probu yangu nzima nikaiandika kwenye chipu ya mzee. Nikachomeka, skopu ikaikubali papo hapo, jina la modeli juu, x10 imewaka. Dogo ninayemfundisha kazi akasema bro si imekubali, tufunge tukale chipsi. Nikagusisha ncha ya probu kwenye grandi yake ili nione mstari, mstari ukakaa chini ya sifuri. Nikasubiri ipate joto, maana probu aktivu inataka angalau dakika 20 na kibandani kulikuwa na baridi la kung'ata. Baada ya nusu saa bado, uko milivolti 70 chini, haucheki.

Minasi 70. Nikarudi kwenye daftari. Ofseti yangu inasema milivolti 2, ya mzee minasi 5, tofauti ni 7, na probu ni ya x10, kwa hiyo kwenye skrini inakuwa 70. Yaani amplifaya ya mzee kwa kweli inatoa minasi 5 ncha ikiwa kwenye sifuri, skopu badala ya kufuta hiyo minasi 5 ikatoa 2 ambayo ni ya probu yangu, jumla minasi 7 mara 10. Ile alama ya kuuliza niliyoandika kwenye "ofseti?" nikaifuta hapo hapo. Nilikosea nikapata ushahidi, lakini fikiria ningefunga nikampa mzee, angekuwa anapima ripo (vile vimawimbi vidogo juu ya umeme wa DC) ya milivolti 50 kwenye inveta huku kifaa chenyewe kinadanganya kwa 70, na juu imeandikwa kila kitu kiko sawa. Skopu inakagua makaratasi tu, haijui kama makaratasi ni ya huyu au ya jirani yake.

Kwa hiyo nikarudi kwenye dampu ya asili ya mzee, ambayo namshukuru Mungu nilikuwa nimeihifadhi. Zimepungua 4. Pacha wake ana FF FF pale ambapo hakujaandikwa kitu, yeye ana FB FF. FF ukitoa FB ni 4. Biti moja tu kwenye chipu ya mwaka 1998 imeanguka, tena kwenye chumba kitupu kisicho na kazi yoyote, na ikaangusha probu nzima. Nikarudisha ile dampu, nikabadilisha FB kuwa FF, jumla ikawa 1536, ambayo ni 256 mara 6, nikachomeka. Ikakubali, na mstari ukakaa juu ya sifuri kama umelazwa.

Mambo mawili ya kuandika kwenye chipu maana hapa watu wanaungua. Moja, mguu wa 7 ukiwa umeunganishwa na umeme, chipu haiandikiki hata uipigie magoti, na programu nyingine hazikwambii, zinasema imefanikiwa, kwa hiyo soma tena kila ukiandika. Mbili, 24C02 nyingi zinaandika kwa kurasa za baiti 8 na zinahitaji kama milisekunde 5 kupumua kila ukurasa. Ukiituma baiti 16 mfululizo haziendi mbele, zinazunguka na kurudi mwanzo wa ukurasa na kufuta ulichoandika sekunde hiyo hiyo. Andika baiti moja moja, ni 256 tu, unakimbilia wapi. Na chipu ya asili usiifanyie majaribio, nunua 24C02 mpya au ng'oa kwenye monita, weka soketi, majaribio yote yafanyike humo, ya asili ikae kwenye kabahasha kenye jina la mteja. Ile dampu yangu niliyoiandika kwenye chipu ya mzee moja kwa moja usiige, nilisema ulikuwa ujinga.

Kama chipu imekufa kabisa na dampu ya asili haipo, hapo pacha anaruhusiwa, ila kama kiunzi tu. Chukua dampu yake, siriali weka ile iliyoandikwa kwenye mwili wa probu ya mgonjwa, ofseti weka 00 00 00 00, rekebisha cheksamu, chomeka. Iache dakika 20 na zaidi, gusisha ncha kwenye grandi, soma mstari umekaa wapi. Ukiwa minasi 50 gawa kwa 10, ni minasi 0.005, `struct.pack('>f', -0.005).hex()` inakupa bba3d70a, andika, jumlisha tena, weka baiti ya mwisho mpya. Afu leta volti inayojulikana, mimi natumia betri na mita ninayoiamini, uone kama geini (kiasi cha kukuza) nayo inasoma sawa, na ucheleweshaji unalinganisha kwa kupeleka mawimbi mamoja kwenye probu mbili kwa pamoja. Mpangilio wa baiti niliouonyesha hapa ni wa hizi probu mbili tu, yako ina mpangilio wake, utakachobeba ni njia.

Probu niliyoiandika upya kwa staili hiyo nabandika kastika kwenye konekta, naandika kwa kalamu isiyofutika tarehe na "ofseti imepimwa kibandani". Ya mzee haikuhitaji, ni biti moja. Alikuja kuichukua jioni na soksi yake ileile, akauliza nimebadilisha nini, nikamwambia herufi moja, akaniangalia kama namdanganya, akalipa nusu na nusu akasema ataleta Jumamosi.